Safari Isiyo na Msiba Mwishoni

 Msikilizaji wa Babati, leo nataka tuzungumze habari ya safari ya matembezi. Sina maana ya wageni tunaowaona wakipita na magari yao marefu kuelekea Tarangire. Nasema safari yetu sisi, marafiki waliochangishana fedha ya mafuta, wakapanda gari moja na kwenda mbali kuiona nchi yao.

Kwetu mtu akiaga kwamba anasafiri, swali la kwanza ni, "Kuna msiba?" Akisema hakuna, anaulizwa, "Harusi, basi?" Ikiwa si harusi, labda ni mgonjwa, labda kesi ya shamba, labda mtoto anapelekwa shule. Swali lenyewe halina ubaya, maana limetoka katika kujaliana. Lakini tazama lilikotufikisha. Mtu anafika miaka 50, amekwenda Dodoma na Moshi na Tanga mara nyingi, na kote huko alichokiona ni turubai la msiba na njia ya kwenda makaburini. Nchi ameipita usiku, kichwa kimelala kwenye kioo cha basi. Mimi naona tumejinyima haki yetu.

Sisi tuliokwenda tulisoma pamoja shule ya msingi. Mmoja ni mwalimu, mwingine muuguzi, mwingine fundi cherehani, mwingine mnunuzi wa mbaazi, na yupo dereva ambaye gari aina ya Noah ndiyo ofisi yake. Fedha tuliweka kidogo kidogo kwa muda mrefu, na mweka hazina alikuwa fundi cherehani, kwa sababu shilingi ikiingia mkononi mwake haitoki bila maelezo. Nyumbani tuliaga vizuri, kwamba tunakwenda mpaka Tanga. Mama yangu mkubwa alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa huko Tanga nani amefariki?" Nilimwambia hakuna, mama, tunakwenda kuona mapango. Alikaa kimya, halafu akasema, "Basi mwende salama, na mkirudi mnisimulie." Sentensi hiyo ya pili ndiyo iliyonifanya niandike mazungumzo haya.

Babati ni njia panda, msikilizaji. Barabara moja inakwenda Arusha, nyingine Singida kupitia Katesh, na ya tatu inapanda Bonga kwenda Kondoa hadi Dodoma. Hii ya tatu ni kipande cha ile Barabara Kuu ya Kaskazini ambayo Waingereza waliiota itoke Cape Town hadi Cairo. Wazee wanaikumbuka kabla ya lami. Masika yakikolea, basi lilinasa kwenye milima ya Kolo, abiria wakashuka kusukuma, na usiku ukawakuta hapo hapo. Mwezi Aprili mwaka 2018 Rais John Magufuli alizindua lami yote, kilomita 251 kutoka Dodoma mpaka Babati, kazi iliyofanyika kwa fedha za serikali pamoja na mikopo ya Benki ya Maendeleo ya Afrika na ya Japani. Lami ile imetupa mwendo. Imetuondolea pia sababu ya kusimama, na hapo ndipo ninapotaka tuanzie.

Kilomita 80 hivi kutoka Babati unafika Kolo. Kuna kibao kando ya barabara. Magari mengi hayapunguzi hata mwendo, isipokuwa labda kwa ajili ya tuta au askari wa usalama barabarani mwenye tochi ya kupimia kasi. Na hapo, nyuma ya vilima unavyoviona kushoto kwako ukielekea kusini, kuna michoro ya miambani ambayo shirika la UNESCO liliiandika mwaka 2006 katika orodha ya urithi wa dunia. Serengeti imo katika orodha hiyo, Ngorongoro imo, Mji Mkongwe wa Zanzibar umo, na michoro hii ya Kondoa imo. Ukimuuliza kijana wa Babati atakutajia zile tatu za kwanza kwa haraka. Ya nne, iliyo karibu naye kuliko zote, atasita.

Tulisimama ofisini, tukaandikisha majina, tukalipa kiingilio cha Watanzania, na tukapewa mwongozaji, kijana mzaliwa wa pale pale. Kutoka barabarani unaiacha lami, gari linakwenda kwa kuyumba kwenye njia ya mawe na mchanga, unavuka korongo, mwisho unashuka na kupanda kilima kwa miguu. Tulipanda jua likiwa limekwisha kuwa kali. Mnunuzi wa mbaazi, ambaye kazi yake ni kukaa kwenye mizani, alihema, tukamsubiri.

Usitarajie shimo refu lenye giza. Mapango ya Kolo ni majabali makubwa yaliyoinama mbele au kuegemeana, ukuta wa ndani ukabaki umekingwa na mvua na jua. Mwongozaji hakusema kitu kwanza. Alituacha tutazame. Mwanzoni unaona jiwe lenye madoa mekundu. Macho yakizoea, doa moja linakuwa shingo ya twiga, jingine mgongo wa tembo, jingine pofu mwenye pembe. Halafu wanatokea watu. Ni warefu na wembamba mno, vichwa vyao vina nywele au mapambo makubwa, wengine wameinama, wengine kama wanacheza ngoma. Rangi yao ni nyekundu iliyoiva, iliyotokana na mawe yenye chuma, na umri wa michoro katika eneo hili unahesabiwa kuwa angalau miaka 2,000. Juu ya nyekundu, pengine, kuna michoro myeupe, minene, isiyo na uangalifu ule, ambayo wataalamu wanaihusisha na wakulima waliokuja baadaye.

Mahali paitwapo Mungomi wa Kolo kuna kundi la watu waliochorwa ambalo limezungumzwa sana. Aliye katikati ni kama anavutwa mikono kutoka pande mbili. Mwanaakiolojia Mary Leakey, ambaye mwaka 1951 alifanya kazi hapa pamoja na mumewe Louis akinakili michoro hii kwa mkono, aliliona kundi hilo kama picha ya mwanamke anayenyakuliwa na watu huku wa kwao wakimzuia. Kazi yake ilichapishwa katika kitabu mwaka 1983. Wengine baadaye wametazama picha hiyo hiyo wakaona ngoma ya tiba, mtu aliyepandwa na roho akishikwa na wenzake asianguke. Muuguzi wetu alisimama mbele yake muda mrefu kuliko sisi sote. Alisema kwamba kazini kwake ameona mara nyingi jinsi mgonjwa anavyoshikwa mikono yote miwili, na kwamba kwake ile haikuwa picha ya ugomvi. Mimi si mtaalamu, lakini tangu siku ile nimeegemea upande wake.

Na waliochora ni nani? Wataalamu wengi wanaielekeza michoro myekundu kwa mababu wa Wasandawe, majirani zetu wa upande wa Kondoa na Chemba, watu ambao lugha yao ina sauti za kidoko na ambao kwa karne nyingi waliishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi. Eric ten Raa, mtafiti aliyeishi miongoni mwao, alieleza kwamba uchoraji ulikuwa bado katika kumbukumbu zao. Yaani hawa wachoraji si watu wa kale waliopotea. Wajukuu wao wanauza asali kwenye minada tunayokwenda sisi. Jambo hilo linanigusa sana, kwa kuwa nimesikia kwa masikio yangu watu wakiwadharau Wasandawe kwa sababu ya lugha yao, hapa hapa katika nchi ambayo dunia nzima imekuja kuistahi kwa kazi ya mikono ya mababu zao.

Eneo lile halijafa. Warangi, wenyeji wa Kolo, bado wanakwenda katika mojawapo ya mapango yale kuomba mvua na kuombea wagonjwa. Wanachinja, wanamwaga pombe ya kienyeji. Muuguzi alimuuliza mwongozaji, "Kaka, hawa wanaokuja kutambika tunaweza kuwakuta?" Kijana akajibu kwa adabu, "Dada, wao hawaji na kamera, na siku wanayokuja sisi huwa hatuleti wageni." Wahifadhi wana wasiwasi, na ni wa haki, kwamba pombe inayonyunyizwa ukutani inaharibu rangi. Wazee nao wana neno lao, kwamba pale palilindwa na hofu ya matambiko kabla ya kuwepo idara yoyote ya mambo ya kale. Nikiulizwa mimi, nasema wazee wakae kiti cha mbele katika kila kikao kinachoamua habari ya Kolo. Uharibifu mkubwa niliouona pale ni majina ya vijana yaliyokwaruzwa kwenye jiwe kwa ncha ya kitu kikali, jina na mwaka na kopa la mapenzi. Hao hawakuwa Warangi wa matambiko. Walikuwa wageni wenye simu mfukoni, watu kama mimi na wewe.

Tukiwa juu ya kile kilima mwalimu alitugeuza tutazame upande wa pili. Chini kulikuwa na miti, michongoma na mashamba ya mtama, na katikati makorongo yenye kingo nyekundu, mengine yameanza kufunikwa na majani. Milima ile ya Irangi ilikuwa imeliwa na mmomonyoko vibaya sana. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, unaojulikana kwa jina la HADO, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo la kilomita za mraba 1,256. Fikiria mfugaji kuambiwa atoe ng'ombe wake wote. Yalikuwa machungu makubwa kwa familia nyingi, na wapo ambao mpaka leo wanayasimulia kwa huzuni. Lakini miti ilirudi. Basi tulilokuja kulitazama ukutani tu tukalikuta na nje pia, ardhi iliyoandikwa na waliokaa juu yake.

Kutoka Kolo mpaka Dodoma nitapita haraka, maana hata sisi tulipita haraka. Kondoa tulikula wali na mlenda. Dodoma tulinunua zabibu barabarani na kulala kwa shemeji wa dereva, ambaye alitutandikia sebule nzima na asubuhi akakataa hata kusikia neno la malipo. Hiyo nayo ni sehemu ya safari zetu ambayo kitabu chochote cha watalii hakina.

Tulipopita mchepuko wa Kongwa, mwalimu akaomba tusimame tuzungumze kidogo. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta huko walime karanga wapate mafuta ya kula ya nchi yao iliyotoka vitani. Ardhi ikawashinda, mvua ikawashinda, na mwaka 1951 mpango ukaachwa, mamilioni ya pauni yakiwa yamekwenda. Wagogo wa pale wangeweza kuwaambia habari ya mvua za Kongwa kama wangeulizwa. Kisha, kuanzia 1964, mahali hapo hapo pakawa kambi ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, FRELIMO, SWAPO, ANC, MPLA. Mnunuzi wa mbaazi, ambaye kila mwaka hutembea vijijini akinunua mavuno, alikuwa hajawahi kusikia lolote kati ya hayo. Alisema maneno ambayo nimeyahifadhi: "Mimi Kongwa naijua bei yake ya mahindi tu."

Morogoro, Chalinze, daraja jipya la Wami, Segera. Ndani ya gari kulikuwa na mabishano ya mpira, nyimbo za zamani, usingizi, na ule ukimya wa watu wanaojuana ambao hauhitaji kujazwa. Dereva alitangaza kila alipotaka kusimamisha tuchimbe dawa, nasi tukashuka. Marafiki wanajuana kwenye safari ndefu kwa namna ambayo vikao vya harusi haviwezi kuonyesha. Nilijua kwamba mwalimu anaogopa malori. Nilijua kwamba fundi cherehani, ambaye tunamwona mkali, huwapigia watoto wake simu kila jioni na kuwasalimia mmoja mmoja kwa jina. Hayo sikuyajua kwa miaka yote tuliyokaa mji mmoja.

Baada ya Segera yanaanza mashamba ya mkonge, mistari mirefu ya majani yenye miiba. Mmea huo si wa kwetu. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893 kutoka Marekani, na katika miche iliyosafirishwa ni 62 tu iliyofika hai. Kutokana na miche hiyo kukatokea mashamba yaliyowavuta watu wa kila kabila, na Tanga ikawa mji wa mataifa. Muheza tulinunua machungwa, tukayala na kuvaa juisi yake mpaka viwikoni. Tanga mjini tuliingia jioni, upepo wa bahari ukatupiga, na kwa watatu kati yetu ilikuwa mara ya kwanza kuiona bahari, maana Dar es Salaam waliwahi kufika kwenye misiba tu na hawakupata nafasi.

Sasa mapango ya Amboni. Kutoka mjini unakwenda kaskazini kwa barabara ya Horohoro, kiasi cha kilomita 8, unaacha barabara kuu na kushuka hadi kwenye msitu mdogo kando ya mto Mkulumuzi. Aliyetupokea alikuwa mzee. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, wanangu, karibuni Tanga." Alitutazama miguuni kuona tumevaa viatu gani, akamwambia muuguzi abadilishe vyake. Kisha akauliza, "Nani kati yenu anaogopa mahali pembamba? Aseme sasa. Humo ndani si mahali pa kuoneana haya."

Hakuna aliyesema.

Msikilizaji, sisi wa Babati ardhi yetu imeumbwa kwa moto na kwa kupasuka. Tunaishi ndani ya Bonde la Ufa, na Hanang tunaoutazama upande wa magharibi ni volkano yenye urefu wa mita 3,420. Na tunajua kwamba mlima si pambo. Tarehe 3 Desemba 2023 tope lilishuka kutoka Hanang likawachukua ndugu zetu wa Katesh na vijiji vya jirani, Mungu awarehemu. Amboni ni ardhi ya namna nyingine kabisa. Mawe yake ni ya chokaa, yaliyolala chini ya bahari kiasi cha miaka milioni 150 iliyopita. Maji ya mvua yakipita hewani na kwenye udongo yanachukua hewa ya ukaa, yanakuwa na ukali hafifu sana, na ukali huo unalila jiwe la chokaa kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, mpaka ufa unakuwa chumba. Kisha tone likining'inia darini huacha chembe ndogo ya chokaa kabla halijaanguka, na chembe hizo zikijumlishana kwa maelfu ya miaka zinakuwa nguzo ya jiwe. Hakuna moto, hakuna kishindo. Ni maji na muda.

Mlangoni panatosha kusimama watu wengi. Hatua chache ndani, mwanga unabaki nyuma yako, joto linabadilika, na harufu ya kinyesi cha popo inakupiga. Popo wenyewe wako juu, unawasikia kabla hujawaona. Mzee alimulika ukutani akatuonyesha maumbo: huyu mamba, hiki kichwa cha tembo, hili kochi, hii ramani ya Afrika. Mengine tuliyaona mara moja, mengine mwalimu alibisha, mzee akahamisha tochi upande wa pili na kweli, umbo likatokea.

Alituonyesha pia mahali pa kutambikia. Kulikuwa na vitambaa, chupa za marashi, sahani, sarafu. Watu wa makabila ya pande zile, Wadigo, Wabondei, Wasambaa, Wasegeju, wamekuwa wakija kuomba uzazi, kuomba kupona, kuomba kazi. Mzee alishusha sauti, nasi tukashusha. Niliwaza kwamba kati ya Kolo na pale tulikuwa tumepita mikoa minne, lugha zikabadilika, chakula kikabadilika, mawe yenyewe yakabadilika, na watu wakiwa na shida wameelekea pale pale, chini ya jiwe.

Kisha tukafika kwenye njia nyembamba. Ni ya kupita kwa magoti, na mahali pamoja karibu kwa tumbo. Dereva aliingia, mwalimu akaingia. Zamu ilipofika kwa fundi cherehani, aliinama, akaingiza mabega, akasimama hapo. Tulimwona mgongo unatetemeka. Akarudi nyuma, akakaa chini, akasema kwa sauti ndogo, "Siwezi." Muuguzi akapiga magoti karibu naye, akamshika mkono, akawa anahesabu naye pumzi, moja, mbili, moja, mbili. Waliokwisha kupita upande wa pili wakaanza kuzungumza naye kupitia lile tundu, habari za nyumbani, habari za cherehani yake mpya, mambo ya kawaida kabisa. Hakuna aliyemsukuma, hakuna aliyecheka. Mzee akasema, "Mama, ipo njia nyingine ya kutokea, tutarudi sote pamoja." Na waliokwisha kupita wakarudi kwa tumbo lao, tukatoka kwa ile njia pana.

Naomba hapa unisikilize vizuri, hasa wewe kijana unayependa kuwatia wenzako moyo kwa kuwazomea. Pangoni mtu akisema siwezi, jibu ni moja: sawa, tunarudi. Mwili una hofu zake ambazo hazihusiani na ushujaa. Mwenye pumu aseme kabla, mwenye presha aseme kabla, mjamzito asiingie kwenye vijia hivyo. Usiingie bila mwongozaji. Beba tochi yenye betri mpya na nyingine ya akiba, kwa sababu simu inazima. Na usiache mtu wa mwisho peke yake.

Nje, tukiwa tumekaa kwenye mizizi ya mti, mzee alitusimulia yaliyobaki. Kwamba miaka ya 1950 mapango yale yaliwaficha Osale Otango na Paulo Hamisi, ambao serikali ya kikoloni iliwatafuta kama majambazi, na wenyeji wengi mpaka leo wanawataja kama watu waliowanyang'anya matajiri na kuwagawia wanyonge. Kwamba watu walikuwa wakiamini pango linakwenda chini kwa chini hadi Mombasa, wengine wakasema hadi Kilimanjaro, na kuna hadithi ya mbwa aliyepotea humo akaibukia mlimani. Mwaka 1994 watafiti wa Kijerumani na wa Kituruki walipima, wakahesabu mapango 10, na lililo refu kuliko yote likawa na mita 900 hivi. Mwalimu akauliza, "Sasa mzee, wewe unaamini mbwa au unaamini kipimo?" Mzee akasema, "Mwanangu, kipimo nakiamini. Mbwa namsimulia." Nilipenda jibu lile. Mtu anaweza kuwa mkweli kwa elimu na bado akabaki mwaminifu kwa hadithi za waliomlea.

Tulirudi kwa njia ya kaskazini: Korogwe, Mombo, Same yenye tangawizi, Himo, Moshi, Arusha. Ukijumlisha mzunguko wote ni kama kilomita 1,400 na zaidi kidogo. Tulipofika Minjingu, tukiwa karibu kabisa na kwetu, dereva alionyesha kiwanda cha mbolea na kuuliza kama tunajua ile fosfati inatoka wapi. Inatokana na mabaki ya ndege waliokula samaki, mnandi, waliokaa kwa wingi kando ya ziwa kubwa la zamani, kinyesi chao na mifupa vikawa jiwe. Tumepita Minjingu maisha yetu yote, tumeweka mbolea ile kwenye mahindi yetu, na ilibidi tuende tukanuse kinyesi cha popo Tanga ndipo tukaulizana habari ya kinyesi cha ndege wa nyumbani.

Nilikwenda kwa mama mkubwa nikamsimulia, kama alivyoagiza. Nilipofika mahali pa Kolo alinizuia. Akaniambia kwamba akiwa msichana alipita hapo na baba yake wakielekea Kondoa, na baba yake alimwonyesha vilima vile kwa kidole akamwambia kuna picha za watu wa kale. Hakuwahi kwenda. Ana miaka zaidi ya 70 sasa na magoti hayamruhusu kupanda. Nimefanya utaratibu wa kumfikisha angalau kwenye ofisi ya pale chini, akae, azungumze na wale vijana waongozaji, na wao wamsikilize naye.

Ombi langu kwenu ni hili. Vikundi vya kuweka na kukopa vilivyojaa mji huu vitenge sehemu ndogo ya fungu lao kwa safari moja kwa mwaka, wanachama na watoto wao. Walimu wa shule za Babati, msingi na sekondari, wapelekeni watoto Kolo wakiwa bado na magoti ya kupandia. Mkifika, msiguse michoro, msiimwagie maji ili ing'ae kwenye picha, msiandike majina. Mlipeni mwongozaji haki yake, na mnunue asali kwa wenyeji. Kiangazi ndicho wakati mzuri, kwa sababu njia ya kutoka lami hadi vilimani inakuwa kavu.

Kutoka stendi ya Babati hadi Kolo ni kilomita 80 hivi, lami tupu. Ukiondoka Jumamosi alfajiri, kabla ya magharibi umerudi nyumbani. Waambie rafiki zako leo.